Vizibo vya Datsun ya Kuria

Muli alikigonga ukingoni kwa patasi kizibo cha bati kinachozuia maji ya injini, kikageuka upande, akakichomoa kwa koleo. Maji yenye kutu yakatoka ubavuni mwa injini yakamlowesha viatu. Vizibo vitatu vilikuwa vimetoboka, na viwili vilivyobaki vilikuwa vikingoja zamu yao.

"Mlikuwa mnaweka maji ya mfereji tu, bila dawa ya kuzuia kutu," alisema.

Janice aliketi kwenye tairi kuukuu hapo gereji, nyuma ya Adams Arcade, Nairobi, amekonda hadi gauni linamning'inia, akiuliza kila mara kama Datsun itatoka kabla ya saa kumi na mbili. Muli hana subira na wateja wa kumharakisha. Akamuuliza, saa kumi na mbili kuna nini?

Ndipo akaelezwa. Kuria, mumewe Janice, alifariki Machi, mamake akiwa amelazwa. Daktari alikataza mama asishtuliwe, basi wakazika bila kumwambia. Sasa mama huyo yuko nyumbani, mtaa wa Woodley, macho hayaoni tena, na hagusi chakula mpaka asikie gari la mwanawe likiingia. Kila jioni Janice huliendesha hadi chini ya dirisha, akaubamiza mlango, kisha akasema Kuria amechoka, ameenda kulala.

"Siku nne gari iko hapa, na yeye ni chai tu," alisema. "Fundi, huyo mama atanifia."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini uongo huu ulikuwa umetembea miezi mitatu. Muli aliona huruma. Akasugua matundu kwa msasa, akapaka gundi, akavigongomea vizibo vipya kimoja kimoja. Saa kumi na mbili kasorobo injini iliwaka bila kudondosha tone. Akapanda naye hadi Woodley, ahakikishe haivuji njiani.

Mlango ulipobamizwa, ajuza aliyekuwa dirishani aliomba chakula. Janice alimkaribisha Muli ndani, akapakua sahani mbili, yake na ya mkwewe, wakala mpaka zikabaki nyeupe. Kisha akaenda jikoni kumtilia fundi chai.

Ajuza alipapasa hewani mpaka akaushika mkono wa Muli.

"Fundi, hii gari isiharibike tena," alinong'ona. "Mimi nilijua Kuria amekufa nikiwa bado hospitali. Lakini isipoingia, huyu mtoto Janice hawezi kula."