Jibu la Shee

Ugonjwa ulipoanza kufuta kumbukumbu za Shee, zilihamishiwa kwenye ghala la kompyuta, kama za wagonjwa wote. Akiulizwa jambo, programu ya ukalimani ilichota jibu ghalani na kulitia kinywani mwake. Majibu yalichelewa mno. Asubuhi moja mkewe Mwanakombo, fundi wa programu, akaamua kupima ucheleweshaji unatoka wapi.

Ghala lilijibu papo hapo. Muda wote uliliwa na ukalimani. Akaipita programu, akaliuliza ghala lenyewe: "Shee alimwoa nani?"

"Hakuna kumbukumbu."

Akauliza kuhusu Rukia, binti yao waliyemzika. Hakuna.

Akamgeukia mumewe. "Baba Rukia, unanipenda?"

Jibu likachelewa, programu ikimtungia Shee. "Sana, mke wangu. Tangu siku ya harusi yetu."

Baada ya asubuhi hiyo, Mwanakombo hakumuuliza tena jambo lolote.