Wagih Alichagua Fagio

Kaka yake alikuja gerezani na fedha za faini yote mfukoni, na Wagih akazikataa.

Kifungo chenyewe kilikuwa kimekwisha. Kilichobaki ni ile faini ambayo hakimu aliiongeza juu yake, na Wagih, fundi viatu, hakuwa nayo. Atif alikuwa ametoka Suez alfajiri kuja kumkomboa.

"Sharti langu ni moja," Atif alisema. "Nikilipa, tunaondoka wote leo hii. Utakaa kwangu, gereji ipo, kazi ipo. Hapa Tanta hurudi tena."

"Na Ibtisam?"

Atif alifumba macho kidogo. "Mwanamke amekupeleka jela kwa mdomo wake mwenyewe, na bado unamtaja?"

"Alikuwa na hasira. Hasira huisha."

"Amekuja kukuona? Amejibu hata barua moja?"

Wagih alikuwa ameandika barua nyingi. Alijiambia hazifiki, maana askari hawana adabu na barua za watu.

Atif alimwachia mkate na jibini juu ya benchi, akainuka. "Mama aliniusia nikuangalie, Wagih. Lakini mtu haangaliwi kwa nguvu."

Mchana huo Wagih aliitwa ofisini kwa Bwana Sharawi, afisa ustawi wa gereza, mtu mnene aliyezoea kusema jambo lile lile kwa watu wengi.

"Sikiliza, bwana. Faini haiozi. Ukilipa, unatoka. Usipolipa, unaikalia humu humu mpaka iishe. Au uombe kuifanyia kazi: unalala kwako, asubuhi unaripoti baraza la mji, unakabidhiwa fagio. Wengi wanaona haya, wanasema bora jela kuliko kuonekana na majirani."

"Mimi sioni haya. Naweza kuomba mtaa fulani?"

Sharawi alimtazama juu ya miwani. "Kwa nini?"

"Pana mtu wangu pale."

"Na hakuna uliyegombana naye huko?"

"Hakuna," Wagih alisema, na alisema kwa moyo mweupe kabisa.

Basi akapewa fagio, na mtaa alioutaka.

Asubuhi ya kwanza aliinua macho kwenye dirisha la ghorofa ya pili hata kabla hajagusa takataka. Alijua kila kitu cha dirisha lile. Alijua Ibtisam hulifungua baada ya kifungua kinywa, humwagilia chungu cha rihani, kisha huegemea kidogo kutazama wapita njia. Dirisha likafunguka. Aliyelifungua alikuwa mwanamume aliyevaa fulana, mswaki mdomoni.

Wagih alihisi kama amemeza kaa la moto. Alipokwenda jela hapakuwa na mwanamume ndani ya nyumba ile.

"Unafagia pahala pamoja tangu asubuhi," alisema Mzee Bayumi, mfagiaji mwenzake. "Utaitoboa lami, mwanangu."

"Yule ni nani?"

"Mimi sina habari za watu, nina habari za taka zao. Huyo amekuja baada ya sikukuu, na masanduku makubwa. Tangu aje, pipa la pale halikosi mifupa ya bata." Mzee akacheka. "Na bibi mwenyewe siku hizi anacheka mpaka mtaani tunamsikia."

Ni kweli, alikuwa akicheka. Wagih alikisikia kicheko hicho kikishuka ngazi, kikitoka dirishani, kikichanganyika na mlio wa sahani. Yeye hakuwahi kupewa kicheko kama hicho hata siku moja. Usiku hakulala. Kila alipofumba macho alimwona yule mtu akiketi, akila, akinyoosha miguu kama mwenye nyumba.

Akaanza kumchunguza. Alimfuata hadi kwa muuza keki za basbusa, fagio begani, akamwona akichagua kipande chenye lozi nyingi. Alimwona akimbebea Ibtisam kikapu cha sokoni. Alimtafutia kasoro: kipara kinachoanza, mwendo wa bata, viatu ghali visivyopigwa rangi. *Huyu?* alijiuliza. *Mimi nimeoza jela kwa ajili yake, naye ameridhika na huyu?*

"Wacha macho hayo," Mzee Bayumi alimwambia siku moja, safari hii bila mzaha. "Mwenye wivu hula nyama yake mwenyewe."

"Hujui alichonifanyia."

"Sijui. Lakini kesho omba mtaa mwingine."

Wagih hakuomba. Alhamisi mchana wale wawili walitoka pamoja, wamevaa vizuri kama watu wanaokwenda harusini. Mlangoni Ibtisam alisimama, akamgeuza yule mwanamume, akamweka sawa ukosi wa shati, polepole, mkono ukabaki kifuani pake.

Fagio likaanguka. Wagih alijikuta amekwisha vuka barabara, Mzee Bayumi akimwita nyuma yake.

"Ibtisam."

Mwanamke aligeuka. Rangi yote ikamtoka usoni.

"Miezi yote ile nimefungwa kwa ajili yako," Wagih alisema. "Hukuniletea hata salamu. Nikavumilia. Nikakataa fedha za ndugu yangu, nikashika fagio mbele za watu, ili tu niwe karibu nawe. Kumbe umeshaingiza mwanamume nyumbani?"

Yule mwanamume alimtazama Wagih, kisha akamtazama Ibtisam. "Unamfahamu mtu huyu?"

Ibtisam alikuwa ameshajificha nyuma yake, ameshika mkono wa shati lake kwa mikono miwili.

"Turudi ndani, Magdi, uwaite polisi," alisema. "Ndiye yule aliyekuwa akinifuata ulipokuwa Kuwait. Mimi mkeo hata jina lake nililijulia mahakamani."