Petroli ya Kupandia Mlima

Muda mfupi kabla ya mashindano ya kupanda mlima, Sikudhani alitoa kwenye tangi la gari lake petroli yote aliyojaziwa na shemeji yake, Shomari. Watu wakaguna.

"Shemeji, unaikataa zawadi yangu hadharani?"

"Niwie radhi, shemeji. Injini hii inakandamiza sana hewa na mafuta kabla ya kuyawasha. Ikipewa petroli ya kawaida, inawaka kabla ya wakati na injini inagonga, na mwaka jana iligonga mpaka ikafa kwenye kona ya mwisho."

Akajaza kutoka kwenye dumu lake ile ya okteni ya juu, isiyowaka kabla ya wakati, akamwachia Shomari dumu hilo tupu.

Kwenye kona ya mwisho alikanyaga mafuta, akatega sikio. Injini haikugonga. Ilinguruma tu, ikampita bingwa aliyekuwa amebaki mbele.

Kwenye kioo cha kutazamia nyuma, chini kabisa ya mlima, mtu alikuwa akirusha dumu tupu hewani, akilidaka, akilirusha tena.