Mpeleka Posa

Saa kumi na moja u nusu jioni, Novemba 2004, maelfu ya watu katika uwanja wa Houston walisimama na kila mmoja akainua tende juu. Wazungu, Wameksiko, watoto waliopakwa rangi usoni. Kule chini, Muzammil, kilo mia na arubaini na tano, alivua helmeti, akasema bismillahi, akala yake. Uwanja ukala naye. Shuaib, rafiki yake wa tangu zamani, aliyekuwa jukwaani na saumu yake kamili, alifuturu kwa maji tu.

Tende hakuitaka kwa sababu alijua zile za Muzammil zimetoka wapi. Nawal ndiye aliyezifunga kwenye leso aliyoidarizi mwenyewe, huko mtaa wa Alief, nyumbani kwa mamake mjane, Mama Mwanakhamis. Siku hiyo Shuaib alikuwa kakaa pale pale kochini. Hakuulizwa kama na yeye anataka leso.

Na ati nani aliyemfikisha Muzammil pale? Miaka ya tisini, Muzammil akiwa bonge la kijana wa skuli asiyejua hata mpira wa Kimarekani unachezwaje, Shuaib ndiye aliyempeleka mazoezini kwa gari lake la Corolla, mpaka kiti cha abiria kikavunjika. Chuo cha Fort Worth kilipomtaka, Shuaib aliendesha saa nne na ushei kumfikisha. Wasaka vipaji walipokuja kumpima mikono na mbio, wakaandika kwamba ni mzito wa kuanza, Shuaib ndiye aliyemtia moyo. Timu ya Houston ikamchukua mwisho mwisho. Kazi yake ilikuwa kuzuia tu, kusimama mbele ya mrusha mpira na kupokea vishindo, kazi ambayo shabiki haitazami. Basi Ramadhani moja kamera ikamnasa akifuturu kando ya kiwanja katikati ya mechi. Alirudi mchezoni, akambwaga mtu chali, na mji mzima ukampenda.

Sifa hizo Shuaib angezivumilia. Lililomkereketa ni Nawal.

Yeye akienda kwa Mama Mwanakhamis, Nawal humfungulia mlango kichwa wazi, nywele zimechuruzika mafuta, na dera lake la kupikia. Humnyang'anya nyama kwenye sahani. Shuaib aliona Marekani imewalegeza watu, basi. Lakini akipiga hodi Muzammil, Nawal hukimbilia chumbani, akarudi kajitanda mtandio, ananukia udi, macho chini. Kwa ajili yangu hata kitana hapitishi, Shuaib alijiambia, na roho ikamuuma kweli kweli. Wahenga walisema aliyekupa wewe kiti ndiye aliyenipa mimi kumbi. Shuaib kumbi la nazi hakulitaka.

Januari, msimu ulipokwisha, Muzammil alikuja nyumbani kwa Shuaib, Stafford, na bahasha mkononi.

"Nataka kumposa Nawal," alisema. "Sikuona haki kupeleka posa kwa mamake kabla ya kupita kwako. Ukisema hapana, nitakubali."

Shuaib aliona anachezewa shere. Amekuja kunionyesha kwamba ameshinda, aliwaza, na bado anataka nimbebee.

"Niachie barua," alisema. "Nitaipeleka mwenyewe."

Aliichana usiku ule ule. Wiki moja baadaye akampigia simu. "Nawal hataki. Anasema wewe ni mtu wa kutazamwa uwanjani, si mtu wa kuishi naye. Usiwapigie, utawaaibisha."

Muzammil alijibu: "Maadamu umesema wewe, yamekwisha."

Julai Muzammil alioa kwingine, huko Cedar Hill, kwa jamaa wa Kizanzibari, picha zikatoka magazetini. Shuaib alikwenda harusini akala biriani sahani mbili.

Ijumaa iliyofuata alivaa kanzu mpya, akajipaka manukato, akaenda Alief. Hakuwa na mzee wa kumtuma, maana baba yake alifariki Mombasa yeye ana miaka kumi na miwili, na mama alitangulia zamani. Nawal hakutoka chumbani. Mama Mwanakhamis alikuwa sebuleni peke yake, macho mekundu.

"Mama, nimekuja kuposa."

"Unamposea nani?"

"Mimi mwenyewe. Namtaka Nawal."

Mama Mwanakhamis alianza kucheka, akaiona ile kanzu, akaacha.

"Shuaib, una wazimu? Baba yako hakukwambia?"

"Kuniambia nini?"

"Mamako alilazwa hospitali wewe una siku tisa. Nilikunyonyesha mimi, miezi minane. Wewe ziwa hili, Nawal ziwa hili. Utamwoaje dada yako wa kunyonya? Astaghfirullah. Kila mtu hapa alidhani unajua, na Muzammil pia anajua."

Shuaib alikaa chini bila kukaribishwa. Mama Mwanakhamis alijifuta macho kwa upindo wa kanga. Ya posa ile ya kipuuzi alikuwa ameshayasahau.

"Mimi linaloniumiza ni huyo Muzammil. Aliniahidi kwa kinywa chake: nitaanzia kwa kaka yake, akiridhia ndipo nije kwako. Nawal amengoja tangu Januari. Upande wa mke hauulizi, ndiyo maana nikanyamaza. Lakini leo nakuuliza, mwanangu, niambie kweli. Hakufika kwako?"