Mama Hajigeuzi

Kengele za nyumba zote mtaani kwetu zina akili moja. Mlango umefungwa kwa nje, NA kitu kinajongea ndani, NA kitu hicho hakina bangili ya utambulisho: huyo ni mwizi. King'ora kinalia, walinzi wanakuja na mbwa.

Mama amepooza miguu. Bangili hupewa mtu anayetoka nje, kwa hiyo yeye hana.

"Iongezee tu, fundi: isipokuwa mama," nilimwomba Chande, fundi wa kengele.

"Siwema dada yangu, kesho kila mwizi atakuwa mama wa mtu."

"Basi nisifunge mlango."

"Ukiuacha wazi pia inalia."

Siku ya kwanza nilipokwenda kuuza maandazi, mama alijigeuza kitandani. Mbwa wakamkuta pale pale. Tangu hapo hulala kama gogo mpaka nirudi.

Jana nilirudi mapema. Nzi alikuwa ametua juu ya jicho lake.

"Mama, nimefika. Jigeuze basi."

"Umefunga kwa ndani?" aliuliza, midomo haijongei.

"Nimefunga. Funguo hizi hapa."

Hakujigeuza. Nikakaa kando yake, na mkono niliotaka kumfukuzia nzi nikauacha mapajani.