Kulia kwa Ndege

"Kulia, mzee wangu, kulia!"

"Kulia kwako au kwa ndege?"

"Kwa ndege! Tumerusha tangu ujana, bado unauliza?"

"Nauliza kwa sababu safari ile, bibie, kulia kwako kulitutundika mtini."

Bibi akacheka mpaka akajifuta macho. Ndege ndogo ya rimoti ikikuelekea, kulia kwake ni kushoto kwako, na jambo hilo halikuwahi kumkaa kichwani. Lakini siku hizi macho ni yake. Mumewe, fundi redio, haoni hata kidole chake mwenyewe, ingawa vidole hivyohivyo ndivyo vilivyochonga mabawa kwa kupapasa na kuifunga kamera tumboni mwa ndege kwa mipira ya baiskeli, na ndivyo vinavyoiendesha kwa rimoti.

Walitaka picha moja tu ya nyumba waliyoanzia maisha, kabla mtaa haujabomolewa kupisha barabara. Bati lake fundi alilipaka bluu mwenyewe, wakiwa maharusi wapya. Kutoka huku kilimani, mtaa mzima ulikuwa vumbi.

Ndege ilipofika juu ya ua wao, upepo ukalisukuma vumbi kando.

Tingatinga lilikuwa limesimama palipokuwa na jiko la bibi. Bati la bluu lilikuwa chini, limekunjika kama gazeti la juzi.

"Vipi, unaliona bati letu?"

Bibi akamshika bega.

"Naliona. Bluu ileile. Hata kamba yangu ya nguo ipo."

"Basi nipige?"

"Piga, mume wangu. Piga, limekaa vizuri."