Alionekana

Bi Saada alikataa kiti. Alisimama katikati ya ua wa jirani yake, Bi Raya, aliyekuwa akikuna nazi.

"Posa ya Idarusi imerudishwa," alisema. "Kwao msichana wanasema mwanangu alionekana amelewa. Nikauliza, nani aliyemwona? Nikatajiwa wewe."

Bi Raya aliacha kukuna. "Sikusema nimemwona akinywa, dada yangu. Nilisema anaonekana kama mlevi. Alikuwa akipepesuka, akishika kuta za watu."

"Ulimwona akishika kuta. Hayo mengine uliyaona wapi?"

Bi Raya aliweka nazi chini.

"Macho yanamfifia," Bi Saada alisema. "Daktari kasema hayana dawa. Siku hiyo alikuwa anakwenda kumwambia mchumba wake kwa kinywa chake mwenyewe. Alikataa nimshike mkono."

Bi Raya alihisi uso ukimwaka. Alikumbuka alivyosimama dirishani akicheka, akamwita na binti yake aje atazame. Alinawa mikono, akajitanda kanga.

"Twende kwao. Nitasema mwenyewe."

"Utasema nini?"

Bi Raya alikwenda mlangoni. Walitoka pamoja. Idarusi alikuwa nje akimsubiri mama yake, kiganja kimegusa ukuta. Alisikia nyayo, akageuza kichwa.

"Mama, uko na nani?"

Bi Saada alimwachia jirani yake ajibu. Bi Raya alivuta kanga akajifunika uso, ingawa kijana hakuwa akiuona.